Gari Likichemka Milimani: Rejeta, Kifuniko Chake na Kulanti Inayofaa

Anayetumia barabara kuu kutoka Sagana kupanda Karatina hadi Marua ameiona hali hii mara nyingi: gari limeegeshwa kando, boneti iko juu, mvuke unafuka, na dereva amesimama na mtungi wa maji akingoja injini ipoe. Lawama huiangukia rejeta, na fedha za kwanza hutumika kununua nyingine. Wakati mwingine ni kweli rejeta imefika mwisho. Lakini mara nyingi rejeta mpya hufungwa, maji ya mfereji yakamiminwa, kifuniko kile kile cha zamani kikarudishwa, na baada ya majuma machache gari likachemka tena kwenye mlima ule ule.

Makala haya yanaeleza namna ya kujua kama rejeta inafaa kubadilishwa, jinsi inavyobadilishwa, na ni kulanti ipi ya kununua, yaani kile kipoozaji cha injini kinachouzwa kikiwa na rangi. Yanawahusu wenye magari madogo, wahudumu wa matatu, wakulima wanaobeba viazi na kabeji kutoka Kieni kwa Probox na pikapu, na mafundi wa jua kali wanaowahudumia wote hao.

Kwa nini huku milimani

Anayepika githeri huku kwenye miteremko ya Mlima Kenya hukaa jikoni muda mrefu kuliko anayeipika Mombasa. Hewa ya milimani ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama hewa ya pwani, hivyo maji huanza kuchemka kabla hayajapata joto lile. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Naro Moru na Nanyuki ziko juu zaidi, na huko kiwango hushuka hadi nyuzi 93 na ushei.

Sasa linganisha na injini. Katika magari mengi ya Japani thamostati, ile vali ndogo inayoyaruhusu maji kwenda kwenye rejeta, huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Feni ya umeme huwaka joto linapofika nyuzi 93 au kupita hapo kidogo. Hilo ni joto la kawaida la kazi, wala si dalili ya ugonjwa. Kwa hivyo maji matupu yasiyo na shinikizo, katika mji wa Nyeri, huchemka wakati ambapo feni ndiyo kwanza inaanza kuzunguka.

Kinacholiokoa gari ni kifuniko cha rejeta. Wengi hukiona kama kizibo tu cha kuzuia maji yasimwagike. Ndani yake mna springi na mpira unaoufunga mfumo mpaka shinikizo lifike kiwango maalum, kama sufuria ya presha inavyofanya jikoni. Juu yake pameandikwa nambari, mara nyingi 0.9 au 1.1, na pengine 88 au 108 kwa kipimo kingine. Kifuniko cha 1.1 kilicho kizima hupandisha kiwango cha maji kuchemka mjini Nyeri kutoka nyuzi 94 hadi karibu 118. Springi ikilegea au mpira ukipasuka, nyuzi hizo zaidi ya 20 zinapotea, na gari litachemka hata kama rejeta haina kasoro yoyote.

Kifuniko ni miongoni mwa speya za bei ya chini kabisa katika gari, na ndicho kinachopaswa kuchunguzwa kwanza. Kinunuliwe chenye nambari ile ile iliyowekwa na mtengenezaji. Kuweka chenye nambari kubwa kwa kudhani kwamba kitakuwa na nguvu zaidi kunaweza kupasua paipu za mpira au tangi la plastiki la rejeta.

Barabara zenyewe huongeza mzigo. Sagana iko karibu mita 1,200, hivyo gari lililojaa hupanda zaidi ya mita 500 kabla ya kuingia Nyeri. Njia za Othaya na Mukurwe-ini hushuka bondeni na kupanda tena na tena. Gari linapopanda polepole kwa gia ndogo, injini hufanya kazi kubwa huku upepo unaoingia mbele ukiwa mdogo, na rejeta hubaki ikiitegemea feni peke yake. Wakati wa kiangazi, vumbi la marram na mbegu za nyasi hujaa katikati ya mapezi membamba ya rejeta. Msimu wa mvua, matope hufanya kazi hiyo hiyo. Aidha, mashine ya maji yenye nguvu nyingi katika vituo vya kuoshea magari huyalaza mapezi hayo yakaziba kabisa. Rejeta ioshwe kwa maji ya kawaida, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka.

Likichemka njiani

Sindano ya joto ikipanda kupita kawaida yake, dereva azime kipoza hewa, awashe hita kwa nguvu zote, na atafute mahali salama pa kuegesha. Hita hutoa sehemu ya joto la injini kupitia ndani ya gari. Abiria watalalamika, lakini hila hiyo imewafikisha wengi kwenye egesho salama. Sindano ikishafika kwenye alama nyekundu, kuendelea hata kilomita moja ni hatari kwa injini. Simama na uzime.

Kisha usiguse kifuniko. Maji yaliyo ndani yanaweza kuwa na joto la nyuzi 110 na zaidi, na yamebaki kuwa maji kwa sababu tu yamebanwa. Kifuniko kikifunguliwa shinikizo huondoka mara moja, na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni, shingoni na mikononi mwa aliyefungua. Kufunika kifuniko kwa kitambaa hakutoshi. Ngoja nusu saa au zaidi, hadi paipu ya juu ya rejeta iweze kushikwa kwa mkono bila kuchoma. Maji baridi yasimiminwe kwenye injini yenye moto mkali kwa kuwa chuma kinaweza kupasuka. Yatiwe kidogo kidogo injini ikishapoa.

Katika matatu nyingi za viti 14 injini iko chini ya viti vya mbele. Abiria wote washuke na kusogea mbali kabla ya kiti kuinuliwa, hasa waliokaa karibu na dereva.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi baridi yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete, saa na nguo ambazo hazijashikamana na ngozi, kisha afunikwe jeraha kwa kitambaa safi na kupelekwa hospitalini. Samli, dawa ya meno na mayai havitibu jeraha la moto, na humpa daktari kazi ya ziada ya kuyaondoa. Nambari za dharura ni 999 na 112, na ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199.

Je, ni rejeta kweli?

Gari linaweza kuchemka kwa sababu ya kifuniko, thamostati iliyokwama, pampu ya maji, feni isiyowaka, paipu iliyopasuka, au gasketi ya hedi iliyoungua. Fundi anayetangaza kwamba rejeta imekufa kabla hata hajafungua boneti anakisia, na anakisia kwa pesa za mteja.

Kuna dalili zinazoielekea rejeta moja kwa moja. Ya wazi ni alama nyeupe, kijani au waridi iliyokauka kwenye maungio ya tangi la plastiki na sehemu ya kati ya alumini. Plastiki ya rejeta za kisasa huzeeka kwa joto, ikageuka kahawia na kuwa na nyufa nyembamba kama nywele, nyingi zikiwa karibu na shingo inakofungwa paipu ya juu. Dalili nyingine ni gari linalotulia mjini lakini linachemka kwenye mlima mrefu. Hapo huenda mirija ya ndani imeziba kwa kutu na chokaa. Injini ikiwa na joto na kuzimwa, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuigusa wala kukaribia feni, kwa sababu feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe. Mahali palipo baridi kuliko kwingine ndipo palipoziba.

Njia ya uhakika zaidi ni kipimo cha shinikizo. Fundi hufunga pampu ndogo ya mkono mahali pa kifuniko injini ikiwa baridi, akajaza shinikizo hadi nambari ya kifuniko, kisha akatazama. Sindano ya pampu ikishuka, kuna mahali panapovuja. Kifaa hiki si ghali kwa gereji yoyote inayofanya kazi kila siku, na mteja ana haki ya kukiulizia.

Gasketi ya hedi ni habari nyingine. Mapovu yasiyokwisha ndani ya rejeta, moshi mweupe mtamu kwenye ekzosi, mafuta ya injini yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, au paipu zinazokuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi ni dalili zake. Katika hali hiyo rejeta mpya haitasaidia kitu.

Kununua rejeta

Rejeta za zamani zilikuwa za shaba, na fundi wa kuchomea angeweza kuziba tundu kwa risasi. Nyingi za leo zina alumini katikati na matangi ya plastiki juu na chini au pembeni, na zikipasuka hazichomeki. Gundi ya plastiki hushikilia kwa siku chache, pengine majuma. Unga na dawa za kuziba zinazotiwa ndani ya maji ni za kumfikisha mtu nyumbani tu, kwa kuwa dawa inayoziba tundu la rejeta haichagui. Huziba pia mirija ya hita na njia nyembamba za injini.

Mnunuzi ana hiari ya rejeta mpya au ya mtumba iliyotoka Japani. Ya mtumba inaweza kuwa ya kiwandani na imara, lakini plastiki yake imeshakula miaka. Ikaguliwe nyufa, mapezi yasiwe yamelala, na ukichungulia ndani ya shingo mirija isiwe na ukoko. Ikiwezekana ipimwe shinikizo kabla pesa hazijatolewa.

Jambo linalosahaulika ni gia. Gari la gia ya otomatiki mara nyingi hupoza mafuta ya gia kupitia bomba dogo lililo ndani ya tangi la chini la rejeta. Rejeta yake ina matundu mawili ya ziada ambayo ile ya gia ya mkono haina. Nenda dukani na nambari ya fremu ya gari, au bora zaidi, beba rejeta yenyewe ya zamani. Bomba hilo la ndani likipasuka, maji huingia kwenye gia na mafuta huingia kwenye maji, na mchanganyiko hufanana na maziwa ya waridi. Gari likifikia hapo lisiendeshwe tena hata kwenda gereji. Livutwe.

Kazi yenyewe

Katika gari dogo la kawaida kazi hii huchukua saa mbili hadi tatu kwa fundi aliyetulia. Injini iwe baridi kabisa na waya hasi wa betri ufunguliwe, kwa sababu ile ile ya feni. Beseni pana liwekwe chini, kizibo cha chini ya rejeta kifunguliwe, na maji ya zamani yakusanywe yote. Baadaye makala haya yanaeleza ni kwa nini hayafai kuachwa chini.

Paipu za juu na chini huondolewa baada ya kulegeza klipu. Paipu iliyovimba, iliyolainika kama matunda yaliyoiva sana au yenye nyufa mwishoni ibadilishwe sasa hivi, maana kuirudisha ni kupanga safari nyingine ya gereji. Kwa otomatiki, mabomba ya mafuta ya gia yazibwe mara yanapofunguliwa, na mafuta yaliyomwagika yapimwe ili kiasi hicho hicho kirudishwe, cha aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Feni hutolewa pamoja na fremu yake. Rejeta huinuliwa wima, polepole, bila kuikwaruza kondensa ya kipoza hewa iliyo mbele yake.

Kabla mpya haijaingia, mipira midogo inayokalia miguu ya rejeta ihamishwe kutoka kwa ile ya zamani. Isipokuwepo, rejeta hutetemeka kwenye barabara mbovu hadi tangi linapasuka. Huu pia ndio wakati wa kusafisha injini kwa ndani. Gari dogo la Toyota la injini ya sisi 1,500 hubeba karibu lita 5 za kulanti, na kiasi kikubwa cha hizo hubaki ndani ya injini hata rejeta ikishatolewa. Mfumo ujazwe maji safi, injini iwashwe hadi thamostati ifunguke, izimwe, ipoe, imwagwe, na kurudiwa mpaka maji yatoke meupe.

Wakati wa kujaza, adui ni hewa. Kulanti imiminwe polepole, hita ikiwa kwenye joto la juu, na pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo. Mteremko mpole wa kawaida unatosha, na katika kaunti hii haukosekani. Injini iachwe iunguruме bila kifuniko mapovu yatoke, kiwango kikishuka kiongezwe, na kifuniko kirudishwe kabla maji hayajaanza kufurika kwa joto. Chupa ya akiba ijazwe hadi alama ya chini au kati ya alama mbili. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, kiwango kiangaliwe tena. Karibu kila mara huwa kimeshuka kidogo.

Kuchagua kulanti

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa kulanti huchaguliwa kwa rangi kama kitambaa. Rangi ni doa tu lililotiwa na kiwanda, na hakuna sheria inayoviunganisha viwanda vyote. Ya kijani ya kampuni moja inaweza kuwa aina tofauti kabisa na ya kijani ya kampuni nyingine.

Kilicho muhimu ni vitu viwili vilivyo ndani. Cha kwanza ni glikoli, kimiminika kinachopandisha kiwango cha kuchemka na kushusha kile cha kuganda. Cha pili ni kemikali za kuzuia kutu. Baridi ya Julai huko Kieni huleta sakitu asubuhi, lakini katika miji yetu suala la kuganda si kubwa. Kutu ndiyo inayokula. Maji matupu yakikaa na alumini, chuma na shaba mahali pamoja yenye joto, huvila pole pole, na unga unaotoka huko ndio unaoziba mirija ya rejeta na kula mapezi ya pampu ya maji.

Hata hivyo nambari ya kuganda ina faida moja kwa mnunuzi wa Nyeri. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na glikoli ya ethileni huganda kwenye nyuzi 37 chini ya sifuri. Chupa inayotaja kiwango hicho inadai kwamba ina glikoli ya kutosha. Chupa isiyotaja kiwango chochote cha kuganda wala cha kuchemka huenda ni maji yaliyotiwa rangi na dawa kidogo ya kutu, hata iwe na picha nzuri namna gani. Tafuta pia viwango vya kimataifa kwenye lebo: JIS K 2234 wa Japani au ASTM D3306 wa Marekani kwa magari madogo. Malori na mabasi ya dizeli yenye silinda za kubadilishwa huhitaji kile cha D6210, kwa sababu mtetemo wa silinda zake hutengeneza mapovu madogo yanayotoboa chuma, na kulanti ya kawaida haizuii hilo. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, inaweza kuhakikishwa kwa kutuma herufi SM, alama ya # na nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo kwenda 20023.

Kwa upande wa aina, magari mengi ya kaunti hii yametoka Japani, na viwanda vya huko hupendelea kulanti ya asidi za kikaboni pamoja na fosfeti, isiyo na silikati. Toyota za miaka ya karibuni hutoka kiwandani na ya waridi, ambayo tayari imechanganywa na maji na hubadilishwa mara ya kwanza baada ya kilomita 160,000, halafu kila kilomita 80,000. Honda na Subaru za karibuni hutoka na ya buluu. Magari ya Ulaya, kama Volkswagen na Mercedes-Benz, yana maagizo yao na mara nyingi hutaka yenye silikati. Kitabu cha gari kikikosekana, kulanti iliyoandikwa kuwa ya magari ya Asia huwafaa wengi wenye magari ya Japani.

Aina mbili zisichanganywe. Baadhi zikikutana huganda kama uji, nyingine hazigandi lakini dawa za kutu hupunguziana nguvu. Asiyejua ndani mna nini asiongeze juu yake. Ni afadhali amwage yote, asafishe, aanze upya. Gari la mtumba linalostahili shaka hii ni karibu kila moja. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 huruhusu magari yasiyozidi miaka 8 kuingizwa nchini, hivyo gari linaweza kufika hapa na kulanti iliyokaribia mwisho wa maisha yake, au iliyoongezwa maji ya mfereji mara kadhaa kati ya bandari na yadi.

Soma kama chupa imeandikwa kuwa tayari kutumika au ni ya kuchanganya. Ya kuchanganya huwekwa nusu kwa nusu. Kuitia bila maji hakuongezi ubora, maana glikoli tupu hubeba joto vibaya kuliko maji na injini hupata moto zaidi. Na kuna hesabu ndogo ambayo hata mafundi hodari huisahau. Injini ikishasafishwa kwa maji, lita mbili hivi za maji hayo hubaki ndani. Ukijaza kulanti iliyo tayari juu yake, mchanganyiko unakuwa hafifu. Kwa gari la lita 5, anza na lita mbili na nusu za ile ya kuchanganya, kisha malizia na maji.

Maji hayo yawe yaliyotoneshwa, yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Hakikisha ni maji kweli, kwa kuwa asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo katika chupa zinazofanana. Maji ya kisima yana chumvi zinazoacha ukoko. Ya mvua ni laini lakini hubeba uchafu wa paa la mabati. Dharura ikitokea njiani, maji yoyote safi ni bora kuliko kukosa, lakini yamwagwe baadaye.

Kuhusu kuiondoa thamostati

Ni desturi katika gereji nyingi kuitoa thamostati na kuitupa gari likichemka. Katika baadhi ya injini maji hupita kasi na sindano hushuka, mteja akaridhika. Lakini katika nyingine, thamostati inapofunguka hufunga njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, sehemu ya maji huzunguka bila kufika kwenye rejeta kabisa, na kwenye mlima gari huchemka zaidi. Asubuhi za baridi injini hiyo haipati joto upesi, hunywa petroli nyingi na huchakaa haraka. Thamostati mpya ya joto lililotajwa na mtengenezaji haina bei ya kutisha, na ikibadilishwa pamoja na rejeta hakuna malipo makubwa ya ziada ya ufundi.

Kulanti ya zamani ni sumu

Glikoli ya ethileni ni tamu. Mtoto akiionja ataendelea kunywa, na mbwa vilevile. Kiasi kidogo kinaweza kumuua mtoto, na mtu mzima anaweza kufa kwa takriban mililita 100. Mwanzoni aliyekunywa huonekana kama amelewa, hutapika, kisha anaweza kuonekana amepata nafuu huku figo zikiharibika ndani kwa ndani. Kwa hivyo hakuna kungoja dalili. Apelekwe mara moja Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri au hospitali yoyote iliyo karibu, chupa ya kulanti ibebwe ili daktari aione, na asilazimishwe kutapika. Dawa ipo, lakini hufaa zaidi ikitolewa mapema.

Kamwe kulanti isihifadhiwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Beseni la maji yaliyomwagwa lisiachwe uani hata kwa dakika chache wakati fundi amekwenda dukani, kwani kuku, mbwa na ng'ombe hawajui tofauti.

Wala isimwagwe kwenye mtaro. Mitaro ya Nyeri na Karatina huelekea mitoni. Chania na Gura huingia Sagana, ambayo ni mkono wa juu wa Tana. Mto Naro Moru huelekea Ewaso Ng'iro, na wafugaji wanaoutegemea wako mbali chini. Kulanti iliyotumika, mbali na glikoli, imebeba chembe za madini kutoka ndani ya injini. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kuchafua maji, na gereji iliyo kando ya mto haina msamaha. Maji ya zamani yatiwe kwenye mtungi wenye kifuniko, uandikwe kilichomo, usichanganywe na oili chafu, na ukabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka mwenye leseni ya NEMA. Mwenye gari anayefanya kazi hii nyumbani anaweza kuiomba gereji yenye utaratibu huo impokelee mtungi wake.

Baada ya rejeta mpya kufungwa, kagua kiwango cha chupa ya akiba kila asubuhi kwa wiki ya kwanza kabla ya kuwasha injini, kisha mara moja kwa wiki na kabla ya kila safari ndefu. Andika kwa kalamu isiyofutika, kwenye kibandiko ndani ya boneti, aina ya kulanti iliyowekwa, tarehe na kilomita, ili fundi atakayeifungua boneti hiyo kule Nanyuki au Nairobi asilazimike kukisia kwa rangi.